Ua lililovamia ua

Linapendeza, linakua haraka na halihitaji bajeti. Ila kabla wewe na mwenzi wako hamjalikaribisha nyumbani, kuna mambo ya kukubaliana.

Kwenye kurasa hizi tumeshazungumzia wanandoa wanaogombana kwa sababu ya simu, pesa, mashemeji na hata rimoti ya televisheni. Sikutegemea kama ipo siku nitaandika kuhusu watu waliokaribia kununiana kwa sababu ya ua. Na wala sizungumzii ua la Valentine lililokwenda kwa mtu asiyehusika. Nazungumzia ua la bustanini, la njano, lenye ukubwa wa kifuniko cha soda.

Wahusika ni marafiki zangu wa siku nyingi, mke na mume, wote wafanyakazi wa mjini. Majina yao nayaweka kando maana bado nataka kualikwa kwao wikiendi. Baada ya miaka ya kulipa kodi ya miezi sita sita kwa mkupuo, walijibana, wakanunua kiwanja Mlingotini na kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Kama hupafahamu, Mlingotini ni kijiji cha pwani, upande wa kusini wa mji wa Bagamoyo. Unatoka Dar kwa Barabara ya Bagamoyo, unapita Bunju, Mapinga na Kerege, halafu unakata kulia kuelekea baharini. Huko unakuta minazi, mikoko, hori lililotulia na upepo ambao, kwa mtu aliyetoka kwenye foleni ya Mwenge, ni kama kusamehewa deni.

Kwa mtu anayependa bustani, shida ya huko ni mchanga. Maji hayakai, jua ni kali na upepo una chumvi. Mume alianza na nyasi, zikaungua. Akajaribu mawaridi, yakakauka kabla hata hayajachanua. Ndipo muuza miche mmoja wa kando ya barabara alipompa kifungu cha mashina ya wedelia, karibu na bure. "Hili, bosi, hata ukilisahau linaota," akamwambia.

Ilikuwa kweli tupu. Masika ya kwanza lilishika ardhi. Masika ya pili lilikuwa limefunika uwanja wote wa mbele, limepanda ngazi za baraza, limepita chini ya geti na kuingia kwa jirani. Hapo ndipo mke aliposema basi.

Mimi na mume wangu nasi tuna kiwanja maeneo hayo hayo. Bado ni msingi tu na rundo la kokoto, lakini tayari tulishaanza kubishana tutapanda nini. Kwa hiyo suala la marafiki zangu lilinihusu. Nikaanza kuulizia, kusoma na kuangalia kwa macho yangu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Ni ua gani hili?

Wataalamu wanaliita Sphagneticola trilobata, zamani Wedelia trilobata, na ndiyo maana wauza miche wengi wamebaki na jina la wedelia. Liko kwenye ukoo mmoja na alizeti, na ukiliinamia utauona undugu wao. Majani yake ni ya kijani kilichokolea, yanang'aa, na mengi yana ncha tatu. Asili yake ni Amerika ya Kati, visiwa vya Karibea na sehemu za joto za Amerika ya Kusini. Watu wa bustani wamelisambaza karibu kila nchi ya joto, na sababu unazijua: halidai mbolea, linavumilia chumvi, linaota juani na kwenye kivuli, na linachanua karibu mwaka mzima. Yaani ni ua la mtu asiye na muda. Nani kati yetu ana muda?

Siri yake iko kwenye vifundo, pale jani linapochomoza kwenye shina. Shina linatambaa chini, na kila kifundo kinachogusa udongo kinatoa mizizi. Baada ya hapo hicho kifundo ni mmea unaojitegemea. Mbegu zake ni nadra kuota, na wala halizihitaji. Kata kipande chenye kifundo kimoja, kitupe penye unyevu, rudi baada ya wiki chache uone. Kwa hiyo mtu anayelifyeka na kuacha vipande vimetapakaa anadhani amepunguza, kumbe amepanda upya.

Akina mama wa Mlingotini wanalielewa somo hili kuliko wengi wetu wenye digrii. Kijiji hicho kinafahamika kwa kilimo cha mwani, kazi ambayo kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa wanawake. Mwani nao haupandwi kwa punje. Unachukua kipande kidogo cha mwani wenyewe, ndicho wanachokiita mbegu, unakifunga kwenye kamba, kamba unaifunga kwenye vigingi baharini, na baada ya wiki kama sita kipande kimekuwa kichaka. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kisha kikavuka kuja huku bara. Tofauti ni kwamba mwani umefungwa kamba na una mwenyewe anayeuhudumia bamvua hadi bamvua. Wedelia halina kamba.

Ndiyo maana shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilipotoa mwaka 2000 orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, wedelia lilikuwemo. Limo orodha moja na gugu maji, na hapo kila Mtanzania ananyoosha masikio. Gugu maji nalo ni la Amerika ya Kusini. Lilihamishwa huku na huku duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake la zambarau, watu wakilifuga kwenye mabwawa ya mapambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na miaka ya 1990 lilikuwa limeziba fukwe na kuzuia mitumbwi, mpaka serikali za nchi tatu zikahangaika nalo, pamoja na kuleta wadudu maalumu wa kulitafuna.

Na tusijifanye sisi ndio tunaoonewa tu. Kuna ua la porini la huku kwetu Afrika, Asystasia gangetica, ambalo sehemu nyingine za pwani majani yake huliwa kama mboga. Hilo hilo limekuwa gugu sumbufu kwenye mashamba ya michikichi ya Malaysia. Ua halina tabia mbaya kwao lilikozaliwa. Tatizo linaanza linapohamia mahali ambapo hakuna wa kulipunguza kasi.

Kijani au mchanga?

Turudi kwa marafiki zangu. Mke amelelewa Pangani na bibi yake. Kwake yeye, uwanja wa nyumba ni mchanga mweupe uliofagiwa. Kila asubuhi fagio la chelewa linapita mpaka mistari inaonekana, kama shuka lililopigwa pasi. Uwanja uliofagiwa ni pa kutandika mkeka, pa watoto kucheza, pa kukaa wageni siku ya shughuli. Nge akipita unamwona. Nyoka akipita unauona hata mburuzo wake.

Mume ni wa Moshi, amekulia kihambani, chini ya migomba. Kwake yeye, ardhi tupu ni ardhi iliyosusiwa. Anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni na anarudi usiku. "Kitu pekee nikifika nyumbani hakiniombi hela ni hayo maua," aliniambia huku akicheka, lakini nilijua hatanii sana.

Siku moja nilikuwepo barazani kwao mjadala ulipowaka.

"Mume wangu, mimi sioni ninapokanyaga. Usiku nikienda kufunga geti naomba dua kila hatua."

"Nyoka hawali maua, mke wangu."

"Hawali, ila wanalala humo. Na wewe ni Mchagga, kwenu mpaka unapandwa masale na kila mtu anajua kwake ni wapi. Hili lako linajua mpaka?"

Mume akanyamaza. Kwa wasiofahamu, masale ndiyo miti ya mpaka wa kihamba Uchagani, na jani lake ndilo unalompelekea mtu unapomwomba msamaha. Shosti yangu alikuwa amemgusa penyewe.

Kisha akasema neno ambalo naona ndilo lenye uzito kuliko yote ya nyoka na mchanga. "Wewe ulipanda Jumamosi moja. Mimi nakata kila Jumamosi."

Nililifikiria neno hilo njia nzima ya kurudi Dar. Wanandoa wengi vijana tunagawana gharama: wewe kodi, mimi umeme, wewe ada, mimi chakula. Tunasahau kugawana kazi ambayo uamuzi wa mmoja unaizaa kwa mwingine. Ua linalotambaa ni kazi ya kudumu, hata kama limekuja kwa sura ya pambo. Ukilileta nyumbani bila kusema nani atalikata, umeshaamua ni nani: ni yule anayebaki nyumbani muda mrefu zaidi. Na kwenye nyumba zetu nyingi, yule anajulikana.

Mgeni hupiga hodi

Kulikuwa na mtu wa tatu kwenye ugomvi huu. Jirani yao ni bibi mmoja mkulima wa mwani, mtu wa pale pale. Nyuma ya nyumba yake ana sehemu anayoanikia mwani, na wedelia lilikuwa limeanza kuingia chini ya chanja. Aling'oa mara ya kwanza, akang'oa mara ya pili, hakusema kitu. Watu wa pwani wana subira hiyo. Aliyesema ni mke, alipomwona bibi ameinama juani anang'oa maua ambayo hakuyapanda.

Jumapili moja wakaamua kwenda kumwona, na mimi nikajiunga nao.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni ndani."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Kaeni mkekani."

Tukaulizana habari za afya, za bahari na za mwani, jinsi maji yakiwa ya moto unavyodhoofika na kukatika. Mume alipofikia kuomba radhi, bibi akacheka.

"Mjukuu wangu, ua lako zuri, sina neno nalo. Ila mgeni mzuri hupiga hodi. Hili limeingia tu." Kisha akaacha kucheka. "Na yale mnayokata, mwambieni kijana wenu asiyatupe kule horini."

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na habari hiyo. Kumbe kijana wa kazi, kwa nia njema kabisa, alikuwa anabeba majani yaliyokatwa kwa toroli na kuyamwaga ukingoni mwa hori, karibu na mikoko. Tukashuka kuangalia. Rundo la zamani lilikuwa limeshageuka bustani. Maua ya njano yalikuwa yanachanua pale juu ya alama ya maji kujaa, mashina yakitambaa pande zote.

Hapo mjadala wa kijani au mchanga ukaisha wenyewe. Ugomvi wa barazani unaweza kumalizwa na watu wawili. Ukingo wa hori si wa watu wawili, ni wa kijiji kizima na wa watakaokuja. Wedelia likishika mahali linatandika zulia zito, na miche mingine chini yake inakosa mwanga. Majani ya asili ya pale hayana mtu wa kuyasemea.

Ukiamua kulipanda

Sasa tuje kwenye mambo ya vitendo. Sisemi wedelia lipigwe marufuku kwako. Kwenye kiwanja cha mjini kilichozungukwa na saruji pande zote, linaweza kuwa suluhisho zuri la mteremko unaomomonyoka au kona ambayo kila kitu kimekufa. Ila lipande ukijua unachokifanya.

Subiri mvua zianze, masika au vuli. Chukua vipande vya sentimita 10 hadi 15 vyenye vifundo viwili au vitatu. Fukia vifundo viwili, acha ncha nje. Achanisha kwa sentimita 30 hadi 45. Usibanane, litajaza lenyewe. Mwagilia kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, halafu punguza. Penye jua utapata maua mengi. Penye kivuli utapata majani zaidi.

Kama huna uhakika na muda wako, lipande kwenye vyungu virefu au vya kuning'inia barazani. Linashuka vizuri kama pazia. Sharti ni moja: likate kabla ncha hazijagusa chini.

Usilipande kabisa kama kiwanja chako kimepakana na hori, mikoko, mto, mfereji wa maji ya mvua, shamba la mtu au pori. Hapo hakuna ukingo utakaokusaidia.

Kulidhibiti

Kwanza, weka ukingo. Mizizi yake haiendi mbali chini kwa chini, kasi yake iko juu ya ardhi. Kwa hiyo tofali lililofukiwa nusu na kuachwa nusu nje linasaidia, lakini peke yake halitoshi kwa sababu shina linapanda juu na kuteremkia upande wa pili.

Pili, na hili ndilo marafiki zangu waliloamua, acha ukanda mtupu wa mchanga kuzunguka maua yote, upana wa nusu mita au zaidi, na uufagie kila siku. Fagio la chelewa la shosti yangu limegeuka kuwa mlinzi wa mpaka. Shina lolote linalovuka linaonekana asubuhi hiyo hiyo, likiwa bado halijashika mizizi, na linaondolewa kwa vidole viwili. Mume kapata kijani chake, mke kapata mchanga wake, na kila kimoja kinamsaidia mwenzake. Nani alijua?

Tatu, kata kwa ratiba. Wakati wa mvua, kila wiki. Wakati wa kiangazi, mara mbili kwa mwezi inatosha. Tumia mkasi wa bustani au panga kali, siyo fyekeo linalorusha vipande huku na kule. Ukimaliza, kusanya kila kipande kwa reki.

Nne, angalia unachokihamisha. Kifusi, mchanga na samadi kutoka kwenye kiwanja chenye wedelia vinabeba vifundo. Ukimpa jirani udongo, unaweza kuwa umempa na ua.

Kuling'oa moja kwa moja

Huenda umehamia kwenye nyumba ambayo tayari imemezwa, au mmekubaliana kwamba basi, liondoke. Inawezekana, ila usitegemee wikiendi moja.

Subiri baada ya mvua au mwagilia jioni ya kuamkia siku ya kazi, maana udongo laini unaachia mizizi. Anza pembeni ukielekea katikati. Kunja zulia la majani kama unavyokunja mkeka, ukifuata kwa uma wa bustani au jembe kutoa mizizi iliyobaki. Rudi baada ya wiki mbili au tatu uondoe machipukizi, na uendelee hivyo kwa miezi kadhaa. Ukisahau mwezi mmoja wa masika, unaanza upya.

Kama eneo ni kubwa, fyeka chini kabisa, kusanya vipande, halafu funika kwa turubai au plastiki nyeusi nzito, ukibana pembe zote kwa mawe. Acha miezi miwili au zaidi. Bila mwanga, mmea unachoka na kufa. Ukifunua, panda kitu kingine haraka, kwa sababu ardhi tupu inakaribisha gugu linalofuata.

Takataka zake ndizo zenye hatari kuliko zote. Usizitupe dampo la mtaani, mfereji, ufukweni wala horini. Zianike juu ya saruji au bati juani mpaka zivunjike kwa mkono, au zifunge kwenye mifuko myeusi uiache juani mpaka zioze. Zikishakufa kabisa ndipo ziende kwenye shimo la mboji.

Dawa za kuua magugu? Kwa Mlingotini, mimi nasema hapana. Mchanga unapitisha maji haraka, visima viko karibu na bahari ndiyo shamba la watu. Kwingineko, kama hakuna njia nyingine, tumia tu dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na usome maelekezo ya kwenye chupa kabla ya kufungua kizibo, siyo baada.

Maua mengine ya pwani

Kama unataka rangi bila vita, yapo. Vinka, lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano ambalo wengi tumelizoea pembeni mwa nyumba, asili yake ni Madagascar. Linastahimili mchanga na jua, halitambai, na miche inayojiotea inang'oka kwa mkono. Hilo hilo ndilo lilitoa dawa za vincristine na vinblastine zinazotumika hospitalini kutibu aina kadhaa za saratani, ikiwemo saratani ya damu ya watoto. Ila tafadhali, usilichemshe ukanywa. Nyumbani ni sumu.

Na kama kiwanja chako kinagusa ufukwe, huenda bustani yako ilishapandwa kabla hujazaliwa. Mlakasa, ule mmea unaotambaa kwenye mchanga wa pwani wenye jani lililogawanyika kama kwato ya mbuzi na ua la zambarau linalofunguka asubuhi, ni wa hapa hapa. Mbegu zake zinaelea na kusafiri na bahari, na mashina yake yanashika mchanga usihamishwe na upepo na mawimbi. Nao unatambaa, tena sana, lakini pale ufukweni ndipo kazini kwake. Wengi tukinunua kiwanja cha baharini jambo la kwanza ni kuufyeka tuone maji vizuri. Halafu tunatafuta hela ya ukuta wa kuzuia mmomonyoko. Uache.

Kabla hamjapanda

Marafiki zangu waliyamaliza. Kwa miezi mitatu mfululizo mume alitumia Jumamosi asubuhi kung'oa: kwanza kwa bibi, kisha horini, mwisho kwake. Kijana wa kazi alisaidia kubeba, lakini mkono wa kung'oa ulikuwa wa mume, na mke hakuhesabu Jumamosi kwa sauti. Wedelia limebaki kipande kimoja mbele ya baraza, ndani ya tofali, na mchanga uliofagiwa pembeni. Bibi aliletewa mche wa masale, akaupanda kwenye mpaka. Alipoelezwa maana yake, akasema ungekuja kwanza huo.

Mimi na mume wangu tumechukua somo mapema, msingi ukiwa bado msingi. Tulikaa na kikombe cha chai tukajiulizana maswali matano, na nakushauri na wewe ukae na mwenzio muulizane kabla ya kununua mche wowote unaotambaa:

1. Kati yetu nani anaupenda, na nani atakuwa anauvumilia tu?
2. Nani atakata, siku gani, na akisafiri nani anashika zamu?
3. Ukingo utakuwa wapi, na upande wa pili kuna nini: saruji, jirani au maji?
4. Yaliyokatwa yatakwenda wapi?
5. Mmoja wetu akisema basi, tunakubaliana kuling'oa bila kuambiana "nilikwambia"?

La tano lilituchukua muda mrefu kuliko mengine yote. Mwishowe tumekubaliana vyungu viwili vya wedelia barazani, vinka kwenye njia ya kuingilia, na uwanja wa nyuma ubaki mchanga. Mkasi ni wake, fagio ni langu, na mwezi unaofuata tunabadilishana.

Masika yanakuja. Kama kwenu tayari kuna ua la njano linalonyemelea fensi, Jumamosi hii shikeni reki wote wawili, halafu mpige hodi kwa jirani.